Kiembeni na kiembeni: Kazi ya Herufi Kubwa katika Kiswahili

Matatu zinazotoka kisiwani Mombasa kuelekea kaskazini huvuka Daraja la Nyali, zikapita Kongowea na Bombolulu hadi Bamburi, na baadhi yake huiacha barabara kuu ya Malindi zikaingia Kiembeni, mtaa wa makazi ulioko upande wa Kisauni. Makanga hulinadi jina la mtaa huo kwa matamshi yale yale ambayo bibi angeyatumia kumwambia mjukuu wake kwamba mbuzi amefungwa kiembeni. Sikio halina njia ya kuyabagua maneno hayo mawili. Abiria huelewa kwa kuwa amesimama kituoni, naye mjukuu huelewa kwa kuwa mti anauona. Lakini neno linapohama kutoka kinywani kuja karatasini, kituo hakipo, na mti haupo. Kilichobaki ni herufi moja tu: K kubwa au k ndogo.

Makala haya yanadai kwamba herufi hiyo moja ina kazi maalumu katika Kiswahili, kazi ambayo si ile inayofanywa katika Kiingereza, na kwamba wanafunzi wengi huikosea kwa sababu hufundishwa kanuni zake kana kwamba ni mali ya Kiingereza iliyoazimwa pamoja na alfabeti. Waama, nguo ya kuazima haisitiri matako. Kanuni isiyotokana na sarufi ya lugha husika haiwezi kumsitiri mwandishi pale anapoihitaji hasa.

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi wa Kenya hukutana na herufi kubwa kwanza katika somo la Kiingereza. Huambiwa kwamba sentensi huanza kwayo, kwamba majina ya watu, miji, lugha, siku na miezi huandikwa kwayo, na kwamba kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja, ambacho katika lugha hiyo ni herufi moja tu, daima huwa kikubwa popote kitokeapo. Baadaye huingia katika kipindi cha Kiswahili akiwa na mzigo huo begani. Ndipo insha zinapojaa sentensi za aina ya “jana dada na Mimi tulikwenda sokoni”. Mwanafunzi huyo hakukosea kwa uzembe. Ameitii kanuni kwa uaminifu, ila ameitii katika lugha isiyoitambua.

Ugeni wa kanuni hiyo hudhihirika zaidi sarufi inapochunguzwa kwa makini. Nafsi katika Kiswahili kwa kawaida haisimami peke yake, bali imo ndani ya kitenzi. Anayesema “ninakwenda” ameshajitaja kwa kiambishi ni-, wala haihitaji herufi kubwa kumtangaza. Mfano mwingine ni wa waandishi wa mambo ya dini. Baadhi ya waandishi wa Kiingereza hukikuza kiwakilishi cha Mungu kwa heshima. Anayetaka kuwaiga kwa Kiswahili huweza kuandika “Yeye” na “Kwake”, lakini atafanyaje atakapofika kwenye “tunamwomba”? Nafsi inayoheshimiwa pale ni -mw-, nayo imekaa katikati ya neno. Je, itaandikwa tunaMwomba? Heshima ya namna hiyo Kiswahili huionyesha kwa uteuzi wa maneno, kama vile Mola, Karima na Jalali, na si kwa kukuza viambishi.

Fauka ya hayo, desturi za herufi kubwa hutofautiana hata miongoni mwa lugha za Ulaya zenyewe. Wajerumani huikuza kila nomino, iwe ni jina la mtu au la kijiko. Wadenmark nao walifanya vivyo hivyo hadi mageuzi ya tahajia ya mwaka 1948 yalipoiondoa desturi hiyo. Wafaransa huandika majina ya lugha, siku na miezi kwa herufi ndogo, na hakuna anayewashutumu kwamba wanazidharau. Kwa hiyo kila lugha imejiamulia ni kipi katika maneno yake kinachostahili alama hiyo. Swali la msingi ni hili: Kiswahili kinaihitaji wapi?

Jibu linaanzia katika historia ya maandishi yenyewe. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati ambayo haina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Tambuka, ulio katika muswada wa 1728, na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takribani kati ya 1776 na 1840, yalihifadhiwa katika maandishi yasiyotofautisha jina la mtu na neno la kawaida. Miongoni mwa watu waliyoyaokoa mashairi ya Muyaka yasipotee ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyafafanua kwa ushirikiano na mmisionari William Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Jina la mzee huyo linatosha kuwa somo. Iandikwe kwa herufi ndogo kwamba mwalimu sikujua alikusanya mashairi, na msomaji atadhani kwamba mwandishi anaungama ujinga wake mwenyewe. Ni herufi S peke yake inayomrudisha mzee huyo katika nafasi yake ya heshima.

Hata hivyo, wasomaji wa miswada ile hawakupotea. Walivukaje bila herufi kubwa? Walivushwa na upatanisho wa kisarufi. Msomaji na aangalie sentensi mbili: “Baraka amefika” na “Baraka zimefika”. Zote zinaanza kwa herufi kubwa kwa sababu ya nafasi ya neno katika sentensi, hivyo herufi hiyo haisaidii kitu. Kinachotofautisha ni kiambishi: a- cha ngeli ya A-WA kinamtambulisha mtu, na zi- cha ngeli ya I-ZI kinatambulisha neema. Ndivyo ilivyo kwa “Bahati amemjia” na “Bahati imemjia”, na kwa “Juma amekwisha” na “Juma limekwisha”. Huenda hata maneno yote mawili yakawa nomino za pekee na bado upatanisho ukayatenganisha: “Ramadhani umeingia” ni habari ya mwezi mtukufu, ilhali “Ramadhani ameingia” ni habari ya jirani aliyebisha hodi. Kiingereza hakina uwezo huu, kwani kitenzi chake hakibebi ngeli. Pengine hii ndiyo sababu Kiswahili kiliweza kukaa muda mrefu bila herufi kubwa na kisione upungufu.

Lakini kuna mahali upatanisho unaposhindwa, napo ni katika majina ya mahali. Nomino yoyote ya kawaida ikishapokea kiambishi -ni huingia katika ngeli ya PA-KU-MU. Jina la mtaa lenye -ni limo katika ngeli hiyo hiyo. Kimuundo, Kiembeni linasomeka kuwa ni ki-, -embe na -ni, yaani mahali penye kiembe. “Kiembeni pana kivuli” na “Kiembeni pana maduka” hazitofautiani hata chembe kisarufi. Kiambishi kilichomwokoa msomaji wa “Baraka amefika” hapa hakiokoi. Ndipo herufi kubwa inapoacha kuwa pambo na kuwa ya lazima.

Mombasa imejaa majina ya aina hii kuliko miji mingi. Liko ni mahali pa kuvukia au pa vyombo kutia nanga, na Likoni ni upande mzima wa kusini wenye maelfu ya watu. Kuna Kisimani, kuna Bondeni, kuna Kibokoni, na kila jina lina pacha wake wa herufi ndogo anayetumika majumbani kila siku. Wakazi wa Pwani waliziita sehemu zao kwa yale waliyoyaona pale: kisima, bonde, mti, liko. Vitu vyenyewe vingi vimetoweka. Kisima kimefukiwa, mwembe umekatwa, na jina limebaki. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya herufi kubwa katika Kiswahili: neno limeacha kueleza, sasa linataja. Aliyeko kiembeni lazima awe karibu na mwembe. Aliyeko Kiembeni hahitaji kuuona mwembe wowote.

Anayedhani kwamba suala hili ni la walimu wa lugha peke yao na aitazame hati ya mauziano ya ardhi. Tuseme hati hiyo, iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na wazee, inasema kwamba kiwanja “kilichopo kisimani” kimeuzwa. Je, ni kiwanja kilichopakana na kisima fulani au ni kiwanja chochote katika mtaa wa Kisimani? Muuzaji na mnunuzi wanajua. Watoto wao, miaka 30 baadaye, hawatajua. Katika ukanda ambao migogoro ya ardhi imekuwa donda ndugu tangu enzi za ukoloni, herufi moja iliyopuuzwa yaweza kuwa mlango wa kesi. Ni kweli kwamba mahakama huangalia mambo mengi kuliko herufi, lakini mwandishi mwangalifu hawaachii wanawe kitendawili.

Kanuni hiyo ya kueleza na kutaja inafafanua pia matumizi ya vyeo na majina ya heshima, eneo linalowatatiza wanafunzi wengi. Mzee ni mtu yeyote mwenye umri mkubwa. Lakini sentensi “Wakenya walipata habari kwamba Mzee amefariki Mombasa mwaka 1978” inamhusu mtu mmoja tu, Jomo Kenyatta, na hakuna haja ya kumtaja zaidi. Mwalimu ni yeyote afundishaye. Mwalimu aliyefariki mwaka 1999 na Tanzania nzima ikaomboleza ni Julius Nyerere. Vivyo hivyo, “mama Amina” haieleweki vizuri mpaka iamuliwe kama ni mama yake Amina au ni mama ambaye jina lake mwenyewe ni Amina, ilhali “Mama Amina” ni jina kamili, ndilo analoitwa mtaani na ndilo analoitikia. Katika hali zote hizi herufi kubwa haikuja kwa sababu anayetajwa ni mkubwa. Imekuja kwa sababu neno limekuwa lake.

Ni muhimu kulisisitiza jambo hili, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba herufi kubwa ni heshima na herufi ndogo ni dharau. Historia ya Pwani inakanusha. Kwa muda mrefu wageni na watawala waliwaita wenyeji wa bara ya Mombasa “Wanyika”, yaani watu wa nyika. Jina hilo liliandikwa kwa W kubwa katika vitabu na ripoti, wala ukubwa wa herufi haukuwaondolea wenyewe uchungu wa kuitwa watu wa porini. Katika miaka ya 1940 jina Mijikenda likashika nafasi yake. Awali hayo yalikuwa maneno mawili ya kawaida, miji na kenda, yaani miji tisa. Yalipounganishwa na kupewa M kubwa, hesabu iligeuka ikawa utambulisho wa Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Waribe, Wakambe na Wajibana. Waswahili wa Mombasa nao wana Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na katika hizi tatu wamo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Anayeandika “tisa taifa” kwa herufi ndogo anahesabu. Anayeandika Tisa Taifa anawataja watu. Heshima imo katika kuwataja watu kwa jina walilolikubali wenyewe, na herufi kubwa ni shahidi tu wa makubaliano hayo.

Suala jingine ni mahali herufi hiyo inapokaa ndani ya neno. Katika baadhi ya maandishi ya kitaaluma, hasa ya Kiingereza, huonekana tahajia kama KiSwahili na WaSwahili, herufi kubwa ikiwekwa kwenye shina. Wanaotetea tahajia hiyo wana hoja. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inazitaja lugha za isiZulu, isiXhosa na isiNdebele kwa utaratibu huo, nazo ni lugha za Kibantu kama Kiswahili. Lakini kila jamii hupanga nyumba yake. Katika Kiswahili kiambishi ngeli si vazi linalovuliwa na kuvaliwa. Ki- ndicho kinachoamuru “Kiswahili kimeenea”, na wa- ndicho kinachoamuru “Waswahili wameenea”. Mzungumzaji wa Kisauni au Changamwe halitumii shina hilo likiwa uchi anapozungumza lugha yake. Neno huanzia pale ulimi unapoanzia, na herufi kubwa inastahili kukaa hapo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa tahajia hiyo hiyo.

Hata hivyo, kiambishi ki- kina kazi ya pili, nayo huwatatiza hata wahariri. Huunda vielezi vya namna: kitoto, kiume, kishujaa. Hapa hakuna kinachotajwa, hivyo herufi ndogo yatosha. Tatizo huzuka neno linapotokana na jina la watu. “Chakula cha Kiswahili” kinahusu jamii mahususi na mapishi yake, na K kubwa ni haki yake. Lakini je, mtu anapomwambia mwenzake “acha uswahili”, akimaanisha ujanja na maneno mengi? Wengi wangeliandika neno hilo kwa u ndogo, na kwa kanuni iliyopendekezwa hapa wangekuwa sahihi, kwani halitaji jamii bali linaeleza tabia. Lakini mwanafunzi wa fasihi asiishie kwenye usahihi. Herufi ndogo hapo inaficha kwamba tabia hiyo mbaya imepewa jina la watu halisi, ambao baadhi yao wanaishi Mji wa Kale na Jomvu na husoma maandishi hayo hayo. Kanuni ya tahajia humwambia mwandishi namna ya kuliandika neno, lakini haimwambii kama analiandika kwa haki.

Kwa wanaoshughulikia ushairi, suala hili lina uzito wa ziada. William Hichens alipoichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, kama kila mhariri anayezihamisha tungo za kale kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kilatini, hakuwa na hiari ya kutochagua. Kila neno ambalo laweza kuwa jina au nomino ya kawaida humlazimisha mhariri kuamua, na uamuzi wake humfikia msomaji kana kwamba ni wa mshairi. Pale ambapo mtunzi aliziacha maana mbili zicheze pamoja, herufi kubwa huifunga moja nje. Aidha, kuna desturi ya wachapishaji ya kuanza kila mshororo kwa herufi kubwa. Desturi hiyo haikutoka katika hati ya kale. Katika mishororo mishata, ambapo maana huvuka kutoka mshororo mmoja hadi mwingine, hutangaza mwanzo mahali pasipo na mwanzo. Tena neno likikaa mwanzoni mwa mshororo, msomaji hukosa ushahidi wa kama ni jina au la. Wanafunzi wanaohakiki diwani hizo wanapaswa kuzisoma herufi kubwa kama sehemu ya uhariri, si kama sehemu ya utunzi.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba Kiswahili kina matatizo makubwa kuliko K na k. Lakini anayesema hivyo na awaulize watahiniwa waliopoteza alama kwa kosa ambalo hawakuelezwa sababu yake. Mwanafunzi anayeambiwa tu “rekebisha” hujifunza kuogopa, na hajifunzi kuandika. Pingamizi ya pili ni kinyume cha hiyo: ikiwa hati ya Kiarabu haikuwa na herufi kubwa, na ikiwa vijana huandikiana kwenye simu bila kuzitumia na wakaelewana, mbona zisiachwe kabisa? Jibu ni kwamba vijana huelewana kwa sababu wanajuana, kama abiria na makanga wanavyoelewana kituoni. Maandishi yanayokusudiwa kusomwa na mtu asiyemjua mwandishi, katika mwaka asioujua mwandishi, hayana kituo cha kuegemea.

Kutokana na haya, walimu na wahadhiri wanaweza kuyafundisha matumizi ya herufi kubwa kwa hatua nne. Kwanza, somo hili lihamishwe kutoka orodha ya uakifishaji liingie katika mafunzo ya nomino na ngeli, ambako sababu zake zinaonekana. Pili, mwanafunzi azoezwe kujiuliza swali moja: neno hili linaeleza au linataja? Tatu, mifano itolewe katika mazingira yake. Mtoto wa Kiembeni afundishwe kwa Kiembeni, na wa Likoni kwa Likoni, badala ya kupewa mifano ya miji ya ng’ambo ambayo majina yake hayana pacha wa herufi ndogo katika lugha yake. Nne, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikubaliane katika majarida yao juu ya mambo yenye utata, kama vile “Daraja la Nyali” au “daraja la Nyali”, kisha vifuate makubaliano hayo bila kuyumba. Mombasa ndiyo iliyoupokea mkutano wa 1928 ambao Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Haitakuwa ajabu mjadala huu ukianzia huko pia.

Vibao vingi vya mitaani huandikwa kwa herufi kubwa tupu: KIEMBENI, KISIMANI, LIKONI. Kibao chenye herufi kubwa tupu ni sawa na kibao kisichokuwa nayo hata moja, kwani kila herufi inapopaza sauti, hakuna inayosikika. Kibao hakidhuriki kwa hilo, maana kimesimama pale pale panapotajwa. Mwandishi hana bahati hiyo. Maneno yake husafiri mbali na mahali pake, na yanapofika huko, msomaji huwa na herufi ya kwanza peke yake ya kumwambia kama anaitwa mtaani au anaitwa chini ya mti.